Kila Mtu Hujikatia

Asubuhi ya Sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari, kabla milango ya kliniki ya meno haijafunguliwa, daktari kijana Maricruz Valdovinos alisimama kando ya mashine ya kuchemshia vifaa, na maneno yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hayakuwa maneno yake. Yalikuwa ya Daktari Heriberto Cota, mwenye kliniki, ambaye alikuwa amemwagiza ayatamke mbele ya wafanyakazi wote mara mkate wa sikukuu utakapoliwa.

"Msimamizi ni wewe sasa," alimwambia jana yake. "Wewe kijana, umesoma, na wanakupenda. Likitoka kwako litawaingia."

Agizo lenyewe lilikuwa hili: kila mgonjwa anayekaa kitini aondoke amefanyiwa kazi kubwa, ya kung'oa na kupandikiza, si kuziba katundu. Msaidizi atakayewashinda wenzake kwa wingi wa kazi hizo atapelekwa Mazatlán akapumzike ufukweni. Atakayekuwa mkiani ifikapo Sikukuu ya Mishumaa, mwezi wa pili, afungashe virago.

Na mkiani alikuwa Mama Obdulia, msaidizi na mkalimani wa kliniki. Hilo halikuhitaji kupigiwa ramli.

Obdulia alikuwa amechuma mboga ng'ambo ya mpaka, kwenye mashamba ya Yuma, hadi mgongo ukamkatalia, akarudi nyumbani na lugha ya watu wa kaskazini. Katika mji huu wa meno, ambamo wastaafu wa kaskazini huja kwa miguu tangu alfajiri kutafuta tiba ya bei nafuu, wakiwa wameshika mashavu, lugha hiyo ilikuwa mali. Lakini alikuwa na ila moja: alitafsiri kila alichosikia. Wiki iliyopita alikuja mzee wa Kanada aliyeambiwa na Cota kwamba meno yake yote ya chini yang'olewe. Maricruz aliitazama picha ya eksirei, akanong'ona kwa lugha ya nyumbani, "Haya mizizi yake mizima. Yasafishwe tu." Obdulia akamgeukia mzee na kumweleza vilevile, kwa sauti ya sokoni. Mzee akamkumbatia, akasafishwa, akaenda zake na meno yake.

Cota alipokuja kuuliza ni nani aliyesema, Maricruz alikuwa ametoka kwenda kula. "Mimi," alijibu Obdulia, na hakuongeza neno. Maricruz alizipata habari hizo asubuhi hii tu, kwa Yesenia wa mapokezi. Mwanamke mwenye wajukuu alikuwa amembebea mzigo wake kimya kimya, na sasa Maricruz ndiye aliyetakiwa kumwonyesha mlango.

"Njooni, njooni!" Cota aliita, akipiga makofi. "Mkate hauna miguu!"

Mkate wa Wafalme ulikuwa juu ya kaunta ya mapokezi, mviringo kama taji, umepambwa matunda mekundu na ya kijani yaliyoiva kwenye sukari. Ndani yake, mahali fulani, amefichwa mtoto mdogo wa plastiki. Atakayemkuta kwenye kipande chake huwa mzazi wake wa ubatizo, na siku ya Mishumaa huwalisha wenzake wote tamale, vitumbua vya unga wa mahindi vilivyofungwa kwenye maganda yake.

"Mwaka jana Chema alimficha shavuni mpaka jioni," alisema Yesenia.

"Uongo mtupu," alisema Chema, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama barabarani na kuwavuta wageni kliniki. "Lile lilikuwa jipu."

"Jipu lenye mikono miwili, we!"

Wakacheka. Hata Obdulia alicheka, ingawa macho yake hayakutoka kwenye sakafu.

"Mwaka huu tunaongeza utamu," alisema Cota. "Atakayempata mtoto, kipimo cha kazi kitaanzia kwake. Maricruz atawaeleza kipimo gani." Kisha akachukua kisu, akaugeuza mkate kidogo kwa kidole, akachungulia chini yake palipopenyezewa mtoto, akakata kipande na kukiweka mbele ya Obdulia. "Kula, mama."

Yesenia na Chema wakatazamana.

Mkate wa Wafalme kila mtu hujikatia. Mtoto mchanga hushikiwa kisu na mama yake ajikatie. Mgonjwa kitandani hupelekewa mkate mzima ajikatie. Kumkatia mwenzako ni kumchagulia bahati, na kumchagulia mtu mzima bahati ni kumtusi.

Obdulia alikitazama kipande, akamtazama Cota. Akauma. Taya lake likagonga kitu, likasimama.

"Umempata?" aliuliza Cota.

"Hajampata," alidakia Yesenia. "Ninaye mimi. Nimemmeza."

"Wewe hata hujakata!"

"Nimemmeza mimi," alisema Chema. "Nipige picha, bosi. Ila mashine yako inaishia kidevuni."

Maricruz alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini Obdulia aliinua mkono kuwanyamazisha, akamtema mtoto kiganjani, akamweka juu ya kaunta mbele ya wote.

"Asanteni, wanangu. Ila mimi sijazoea kufichwa. Niliona meno mazima, nikasema ni mazima. Jino la pembe si dawa ya pengo, Daktari, sembuse pengo ulilolichimba mwenyewe."

"Mmesikia!" Cota alipiga kaunta. "Msimamizi, waambie sasa ninachotarajia."

Maricruz alifungua kinywa. Ule mwiba ulikuwa bado upo, lakini sasa alijua namna ya kuutoa.

"Meno yale ni mimi niliyesema ni mazima," alisema. "Mama Obdulia alitafsiri tu. Kama kuna wa kufungashiwa virago, nifungashie mimi."

"Sikukuuliza hilo."

"Umesema niwaambie linalotarajiwa. Nawaambia." Aliwageukia wenzake. "Natarajia jino linaloweza kuishi liachwe liishi. Natarajia mgonjwa aambiwe kilichomo kinywani mwake, kwa lugha anayoielewa, na anayemwambia asiogope kurudi kazini kesho. Mazatlán tutakwenda wote au hatuendi. Na mtoto huyu hahesabiwi, kwa sababu kipande chake hakikukatwa na aliyekila."

"Aliyeshika kisu ndiye mwenye mtoto," alisema Chema. "Bibi yangu ndivyo alivyohukumu. Kipimo kianzie kwako, bosi."

"Nitawafukuza nyote!"

"Tufukuze," alisema Maricruz. "Msimu wa wageni ndio kwanza umepamba moto. Utatibu vinywa vyote peke yako, na barabarani utasimama mwenyewe umwite mgonjwa. Chema, mfundishe."

"'Mama, mama, meno, miwani, dawa!'" Chema aliimba. "Ni rahisi, bosi. Tatizo ni jua tu."

Cota alizungusha macho, akitafuta hata mmoja atakayeinamisha kichwa. Hakumpata.

Mlango wa kioo ukagongwa. Nje alisimama bikizee wa ng'ambo, uso umevimba upande mmoja, kofia imemkaa upande. Kwa desturi Cota ndiye aliyempokea mgonjwa wa kwanza wa siku na kumkabidhi kwa amtakaye. Alikwenda, akafungua, akasimama katikati ya mlango kama komeo. Bikizee alisema jambo kwa lugha yake huku akiligusa shavu.

"Anasema hajalala," alisema Obdulia kutoka kwenye kaunta. "Anauliza kama ni lazima jino ling'olewe."

Macho yote yakamgeukia Maricruz, si Cota. Cota aliliona hilo, masikio yakamwiva.

"Mwambie hatujui bado," alisema Maricruz, akivaa glavu. "Tutatazama, kisha tutamwambia kweli tupu. Mama Obdulia, kiti chetu."

Obdulia alijipangusa makombo, akapita katikati ya chumba mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mwajiri wake. Hakumsukuma, hakumwomba. Alimngoja tu, kichwa juu, mkono umenyooshwa juu ya bega la Cota kumwelekea bikizee.

Daktari Cota akasogea pembeni.