Siku Saba za Kuloweka

"Mtoe chumvi."

"Haitoki."

"Mlimtia wenyewe, mtoe wenyewe!"

"Mimi nimeuza tu. Aliyemtia ni tajiri wake."

"Mzee, nikimwaga hili karai lako usije ukalia."

"Mwaga. Mjerumani alishalimwaga kabla yako."

Leonia aliliachia karai. Ilikuwa saa nne asubuhi, Bangwe kando ya ziwa, uani kwa Mzee Telesphory, na maji ya chumvi yalikuwa yanachemka kwenye mafiga. Kaka yake Noel alikaa kwenye kreti la soda. Shingoni alikuwa na mkato wa panga wa jana, uko wazi, mweupe ndani. Hautoi damu. Inzi hawamsogelei.

Mzee Telesphory anachemsha chumvi mwaka wa mia sita na kitu huu. Alianzia Uvinza, akahamia Ujiji pembe za ndovu zilipoanza kupita, akaja Bangwe kodi ya chumba ilipopanda. Chumvi ya mboga anapima kwa kopo. Ile nyingine anawauzia wakubwa. Ukiila siku tatu hufi, kama samaki mgebuka wa chumvi asivyooza.

Ina tatizo moja. Haishiki mwili usiotoka jasho la kazi. Mtemi aliinunua, mwenye pembe aliinunua, ofisa wa Kijerumani aliinunua. Wote walianza kwa kumjaribishia mpagazi. Mpagazi akapigwa risasi, akaamka, wakafurahi, wakala na wao. Wamekufa wote. Wapagazi wapo. Nenda Kibirizi boti ya Mwamgongo ikiingia, wale wanaobeba mizigo, watatu kati yao walibeba pembe. Hakuna anayewauliza kitu. Wanabeba vizuri.

Oswald, tajiri wa Noel mwenye boti nne, naye alianza kwa kujaribisha. Alimlisha Noel siku tatu, ya nne akamkata panga mwaloni, boti zinapotia nanga, mchana kweupe, watu wanaanika dagaa. Noel akaanguka, akalala kidogo, akaamka akaendelea kuanika. Oswald akaenda kula ya kwake.

Toka hapo amemuua mara kumi na tisa. Wavu ukichanika anamuua. Injini ikigoma anamuua. Timu yake ikifungwa, anamuua. Maumivu Noel anayasikia yote, chumvi haisaidii huko. Mwaka jana alikimbilia Kagunga. Vijana wa Oswald walimfuata na boti, wakamrudisha kwenye magunia mawili. Leonia alimshona kwa uzi wa nyavu.

Polisi Leonia alishaenda naye. Askari aliuliza marehemu yuko wapi.

"Ndio huyu."

"Shikamoo afande," Noel akasema.

"Marahaba." Askari akafunga daftari. "Dada, marehemu wako ananisalimia. Hiyo kesi naiandikaje?"

Wakapewa fomu ya kwenda kutibiwa. Daktari akaijaza: jeraha kavu.

Sasa pale uani Mzee Telesphory alikoroga karai, akamwangalia Leonia.

"Mgebuka wa chumvi unampikaje wewe?"

"Namloweka kwanza."

"Ndio hivyo hivyo. Siku saba ziwani, maji yafike shingoni. Na asifanye kazi. Akitoka jasho hata saa moja, inashika upya."

"Halafu?"

"Halafu anakuwa mtu. Akikatwa anakufa."

"Hiyo ndiyo naitaka," Noel akasema.

"Na Oswald?" Leonia akauliza. "Yeye ya kwake imeshika?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Yule? Jasho lake la mwisho lilimtoka siku ya harusi."

Siku za mbalamwezi zilikuwa zimeingia, na mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, boti zinalala. Leonia akaona ndio wakati. Wakashuka mwaloni. Oswald alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anakula chapati.

"Shikamoo tajiri. Naomba ruhusa ya Noel, siku saba tu."

"Za nini?"

"Apumzike."

"Mtu hafi, anachoka nini?" Wavuvi wakacheka, maana tajiri akitania unacheka. "We Noel, umechoka?"

"Ndiyo, tajiri."

Oswald aliweka chapati kwenye sahani, akafuta mikono, akachukua kasia. La kwanza lilivunja taya. La pili goti. La tatu alimpiga akiwa chini, na la nne, mpaka mbavu zikatoa sauti. Leonia alimshika mkono, akapigwa kofi akaangukia chanja la dagaa.

Noel akainuka, kama kawaida yake. Akairudisha taya kwa mkono.

"Mmeona?" Oswald akawaambia watu. "Siku saba za nini? Na mimi nimekula hiyo hiyo. Nipige basi na wewe."

"Sitaki, tajiri."

"Piga, mbwa wewe! Au nimpige dada yako tena?" Akamtupia kasia, akavua kofia, akainamisha kichwa.

Leonia alikuwa anajua. Alijikung'uta dagaa, akafunga kanga yake vizuri.

Noel alipiga moja tu. Kichwa kilifunguka.

Watu wakasubiri Oswald aamke. Mmoja akamwekea kofia yake karibu, asije akaitafuta. Wakasubiri mpaka saa nane mchana. Inzi walipokuja wakajaa usoni, ndipo wakaelewa.

Polisi walifika ndani ya dakika ishirini. Ni askari yule yule, na safari hii hakuuliza marehemu yuko wapi.

Mahakamani Leonia alieleza zile mara kumi na tisa. Akaulizwa kama ana cheti cha kifo hata kimoja. Hana. Jaji akasema sheria inataka kamba, lakini huyu kumnyonga ni kuharibu kamba bure, kwa hiyo anampa kifungo cha maisha. Karani akaandika.

Wiki hiyo hiyo Selestini, mdogo wake Oswald, alirithi boti. Akapita kwa Mzee Telesphory akanunua kilo tatu za ile nyingine.

Leonia anaenda gerezani kila Jumapili na ndoo ya maji ya ziwa. Wanamruhusu moja. Noel anakunywa nusu, nusu anajimwagia, chumvi kidogo inashuka miguuni, nyeupe. Jumatatu anarudi kuponda kokoto, jasho linatoka, inashika upya.

"Dada, una miaka mingapi sasa?"

"Thelathini na nne. Kunywa maji."

"Kuna jamaa humu nalala naye chumba kimoja. Aliua Mjerumani. Kafungwa na Wajerumani wenyewe, Mwingereza akamkuta, na sisi tulipopata uhuru tukamkuta."

"Anasemaje?"

"Anasema na yeye alikuwa na dada anamletea maji."

Leonia akatazama ndoo. Askari akagonga chuma, muda umeisha. Noel akakung'uta matone ya mwisho mdomoni, akampa dada yake ndoo tupu, akageuka, akaenda zake.