Vidole vya Orrin Ndani ya Chemba

Kila Jumapili baada ya ibada, watu wa bonde lile la Montana walimpelekea Delmar Skaar maganda ya risasi zao, naye akayajaza baruti upya. Jumapili hiyo ya Septemba, Verla, mjane wa kaka yake Orrin, alijaribu bunduki ya marehemu juani nyuma ya kibanda cha Delmar. Alifyatua risasi moja tu iliyojazwa na Delmar. Ganda likagoma kutoka.

Mchana huo binti yake, Janna, alikuwa aende nayo milimani kuwinda kulungu. Huko ndiko Orrin alikofia mwaka uliopita. Dubu alimjia, risasi ya kwanza ikakosa, na ya pili haikuingia kwa sababu ganda la kwanza lilikwama.

"Chemba ya risasi ina mafuta, shemeji," alisema Delmar.

"Nimeikausha mwenyewe."

"Basi ina uchafu."

"Labda wa mikono yako."

Delmar aligonga komeo la bunduki kwa nyundo ya mti mpaka likafunguka. Ganda lilibaki ndani. Verla akamulika tochi kwa nyuma, akaona vidole vimelizunguka ganda, kimoja kina pete ya ndoa.

"Ni Orrin," alisema.

"Mwambie aachie. Alikuwa mkaidi akiwa hai, sembuse sasa!"

"Sijashika, nimebanwa," alisema Orrin kutoka ndani. "Kipimo cha baruti hii ulikijaribu kwenye baridi ya Januari, Delmar. Baruti ikipata jua inakuwa kali, ganda linavimba."

"Bunduki ndiyo mbovu. Nilisema hivyo mazikoni."

"Punguza baruti, shemeji," alisema Verla.

"Nikipunguza leo, bonde zima litauliza mbona sikupunguza mwaka jana."

Delmar aliingiza ufito kwa mdomo wa mtutu, akasukuma. Ganda likaanguka, fataki ya kitakoni mwake imebanwa bapa kama sarafu, alama ya baruti iliyozidi. Verla alivipangusa masizi vile vidole kwa kitambaa, navyo vikarudi gizani.

Janna alifika na gari.

"Mwanangu, usiende na risasi hizi. Baba yako amekataza."

"Mama, baba mdogo anajaza risasi tangu sijazaliwa. Na baba tangu lini akakubali kitu cha baba mdogo?"

Alilibusu shavu la mama yake, akaweka bunduki kitini na boksi la risasi chini ya kioo cha mbele, palipopigwa na jua. Akaondoka.

Verla alisimama barabarani akiomba mpaka vumbi likatulia. Aliporudi, Delmar alikuwa anamimina baruti kwenye maganda ya jirani, kwa kipimo kilekile.