Akaunti Tatu, Simu Moja

Kishikwambi cha msimamizi kilipiga mlio mfupi, na badala ya kijani kikawaka chekundu. Twiga akairudisha simu yake juu ya kioo, akaituliza vizuri. Chekundu tena.

"Umeahirisha masomo, dada," msimamizi alisema bila kuinua macho. "Tangu Ijumaa. Wapishe wenzako."

"Sijaahirisha chochote, mama. Nimekuja kufanya mtihani."

"Mimi nasoma kilichoandikwa hapa. Nenda jengo la utawala, dirisha la mfumo. Mtihani ukishaanza nawasubiri wachelewaji nusu saa. Nikifunga mlango, nimefunga."

Twiga, ambaye wenzake wa bweni walimbandika jina hilo kwa urefu wake, akatoka mbio. Na tuelewane mapema: huu ulikuwa mtihani wake wa mwisho chuoni, na hakuwa na ubavu wa kuukosa. Mwaka juzi aliugua mapafu akaahirisha mwaka mzima, na kanuni inaruhusu mara moja tu. Anayeahirisha mara ya pili anahesabiwa amejiondoa. Kuukosa leo kulimaanisha kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa baba aliyekwisha kuwatambia majirani wote kwamba bintiye ni mhandisi wa maji.

Zamani, kabla ya mfumo, kosa la namna hii lilikuwa na mtu wake. Ulikwenda kwa katibu muhtasi wa idara, ukamwamkia vizuri, ukalia kidogo ikibidi, naye akakugongea muhuri kwenye kikaratasi huku anakusema. Siku hizi kila kitu kimewekwa mahali pamoja: masomo, kitanda cha bweni, maktaba, mtihani, matokeo. Wakubwa waliusifia mfumo huo siku ya uzinduzi mpaka mate yakawakauka. Hawakusema kwamba ukikugomea mahali pamoja, umekugomea kote. Asubuhi hiyo hiyo geti la maktaba lilikuwa limemkatalia Twiga, naye akadhani ni simu yake mbovu tu.

Simu ilikuwa mbovu kweli. Iliweza kuonyesha ile picha ya kuingilia mlangoni, basi. Chumbani walikaa watatu, na mfumo wenyewe haukufunguka humo, wala kwenye simu ya mwenzao wa pili. Ulifunguka kwenye simu ya wa tatu, waliyemwita Fundi kwa sababu hakuna jambo la mfumo lililomshinda. Kila muhula ulipoanza, Fundi aliketi kitandani na akaunti zote tatu wazi kwenye simu yake, akachagua masomo yake na ya wenzake, akiruka kutoka akaunti moja hadi nyingine huku anapiga soga. Maneno yao ya siri aliyajua kuliko wao. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Ijumaa, huyo mwenzao wa pili, mama kijacho ambaye miguu ilishavimba na daktari alishamkataza kukaa madarasani, alimwomba Fundi amwahirishie masomo. Fundi akabonyeza, akasema tayari, kalale mama.

Twiga aliyaunganisha hayo akiwa kwenye ngazi za utawala, akazipanda zilizobaki mbili mbili.

Karani wa dirishani alikuwa mtu mpole, na upole wake haukusaidia kitu. Aligeuza skrini ili Twiga aone. Ombi lilitumwa kutoka kwenye simu ambayo mwenye nayo alikuwa ameipa jina: Fundi wa Chumba.

"Ni yako hii?"

"Si yangu, kaka. Ni kosa tu. Alikuwa anamwombea mwenzetu, akajichanganya akaunti. Hakukusudia."

"Nakuelewa. Ingekuwa kazi ya kalamu ningekuandikia sasa hivi. Lakini humu mna majibu mawili. Ukisema ombi ni lako, linakwenda kwenye kamati, wanakaa mwezi ujao. Ukisema mtu kaingia bila ruhusa yako, unamtaja, na akaunti yako inafunguka papo hapo."

"Na yake?"

"Inafungwa papo hapo. Halafu anaitwa kwenye nidhamu."

"Yuko ndani, kaka. Anafanya mtihani huu huu."

Karani akaitazama tena skrini yake.

"Ruhusa nilimpa mimi mwenyewe," Twiga akasema. "Jibu la tatu hakuna?"

"Hakuna, dada."

Twiga alimpigia Fundi, akijua fika simu imezimwa na imo kapuni mwa msimamizi. Akapiga tena. Alimchukia Fundi kwa wema wake wa kujitia kila mahali, akamchukia na huyo karani kwa kumhurumia. Ukutani saa ilikuwa inakwenda, na nje watu walipita wakicheka mambo yao. Alimwona baba yake mlangoni kwao, anapokea mzigo wake na kuuliza imekuwaje.

"Andika mtu kaingia bila ruhusa," alisema.

"Jina lake kamili. Mfumo haujui majina ya utani."

Akalitaja. Ilibidi alitaje mara mbili, herufi kwa herufi, karani akiliandika.

Mlangoni mwa ukumbi kishikwambi kiliwaka kijani. Msimamizi akamwonyesha kiti, akafunga mlango nyuma yake. Twiga alikuwa bado anahema, hajamaliza hata kusoma swali la kwanza, aliposikia viatu vya msimamizi vikipita katikati ya meza na kusimama karibu.

"Dada, kiti chako hapa kishikwambini kimegeuka chekundu. Toka nje."

Fundi hakubishana. Aliinuka na kalamu mkononi, na njia yake ya kutokea ikapita kwenye meza ya Twiga. Alipomwona, uso wote ukamfunguka.

"Afadhali umeingia," akanong'ona. "Nilikuwa roho juu, naona kiti chako kitupu. Na mimi mfumo umenigomea. Wewe wamekufungulia wapi?"

"Utawala," Twiga akajibu. "Dirisha la mfumo."

"Wanachukua muda?"

"Hapana. Papo hapo."

"Haya nyamazeni," msimamizi akasema.

Fundi akaiweka kalamu yake kwenye meza ya Twiga. "Nitunzie, narudi sasa hivi," alisema, akatoka mbio.