Kama Jana

Fundi wa maabara aliitwa Chapuchapu, na jina halikumwonea. Alikuwa shemejiye Daktari, mdogo wa mumewe, kwa hiyo hata akimkasirisha ilibidi Daktari amkaripie kwa utani. Na utani nao una mwisho wake.

Kazi yao ilikuwa vyungu vya kuchujia maji. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na unga wa mbao, chungu kikaingia tanurini, unga ukaungua na kuacha vitundu. Maji hupita, uchafu hubaki. Tanuri liliendeshwa na kompyuta, kwa programu ya bure, ile ambayo kila mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua ndani akairekebisha. Joto ilijipimia na kujiandikia yenyewe. Lakini udongo umetoka wapi, na unga umechekechwa kwa chekeche gani, hayo haiyajui mpaka binadamu aiandikie. Isipoandikiwa, haiwashi moto ng'o.

Daktari aliipendea hilo. Vyungu vyake vya mwisho vilitoa maji maangavu ajabu, na wenzake wa maabara nyingine wakachukua kumbukumbu zake wavitengeneze wenyewe. Vikitoka sawa, vitapelekwa mashuleni. Visipotoka, nani atamwamini tena?

Asubuhi moja majibu yakafika. Vyungu vya wenzake vinapitisha tope kama kapu. Chini wameuliza swali moja tu: "Jana ipi?"

Daktari hakuelewa. Akafungua kumbukumbu. Joto limeandikwa lote, safi. Udongo: kama jana. Unga: kama jana. Akarudi siku ya nyuma yake: kama jana. Akarudi, akarudi, mpaka kidole kikachoka, akafika siku ya kwanza kabisa. Hapo paliandikwa: kama kawaida.

"Shemeji!"

Chapuchapu akaja anatafuna. "Naam, mke wetu."

"Leo sitaki mke wetu. Hii kama jana ni nini?"

"Si inagoma kuwasha mpaka uiandikie? Nikaiandikia, ikawasha. Wewe mwenyewe ulisema niijaze."

"Nilisema uijaze, sikusema uizibe mdomo!"

"Lakini si ilikuwa kweli kama jana?"

"Haya. Chekeche lilikuwa lipi?"

"Lile lile."

"Lile lipi?"

"Hili hapa." Akalitoa kabatini, jipya, linang'aa.

Daktari akaliangalia, kisha akamwangalia yeye. "La zamani liko wapi?"

"Lilitoboka. Nikaleta jingine."

"Lini?"

Chapuchapu akaacha kutafuna. Akatazama dari kana kwamba tarehe imebandikwa huko. "Aa... hapo katikati katikati, shemeji."

Daktari akakaa. Basi vyungu vile vizuri vilikuwa vya chekeche gani, lililotoboka au jipya? Ajuaye ni Mungu peke yake, naye haulizwi kwa kompyuta.

"Waambie hili jipya," Chapuchapu akanong'ona. "Nani atajua?"

"Watajua watoto watakaokunywa tope. Mficha uchi hazai, shemeji."

Akawaandikia wenzake: Hatujui. Kosa ni letu. Tunaanza upya, vyungu vyote.

"Vyote?" Chapuchapu akashika kichwa.

"Vyote. Na udongo utauchimba wewe."

Kisha akaifungua programu kwa ndani, akaifundisha kukataa jibu lolote lenye "kama", na kudai vipimo vya kila chombo kabla ya moto. Chapuchapu alipokwisha kuchimba na kuchekecha, akaketi mbele ya kompyuta, rula mkononi, jasho linamtoka.

"Shemeji, sasa inataka upana wa tundu la chekeche! Mashine gani hii, ina maswali kuliko mama!"

"Ijibu," akasema Daktari bila kugeuka, anakanda udongo. "Ukimaliza hilo, kuna lingine."