Jina Lililotangulia

Fundi cherehani alitandaza kitambaa cha pamba juu ya karatasi, akapitisha pasi ya uvuguvugu polepole, kama anayenyoosha kola ya hariri. Mvua ilikuwa imepenya kabatini na kulowesha mkataba wa mkopo aliouchukua pamoja na marehemu mumewe. Dada wa dawati la malalamiko la benki alitaka mkataba unaosomeka, pamoja na maelezo ya mtu aliyekuwepo siku ya kutia saini. Mwisho wa kuvipeleka ulikuwa keshokutwa.

Mtu huyo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani.

"Nimekuja kwa sababu umeniita mara tatu," mama mkwe alisema. "Usidhani nimesahau. Umekula bima ya mwanangu, ukaninyima hata hela ya sabuni."

"Laiti ningeila, Mama. Si ningekuwa nimenenepa?"

Pembe ya mdomo wa mama mkwe ilicheza kidogo, kisha ikakaza.

Fundi aliinua kitambaa, akasoma kwa sauti: "Mkopaji wa kwanza, mke. Mkopaji wa pili, mume. Mwenye bima, mkopaji wa kwanza."

Akaeleza bila kutia chumvi. Bima ilikatwa kila mwezi, lakini ilimhusu yeye peke yake. Mumewe alipofariki hapakulipwa kitu, na kwa miaka mitatu alikuwa analipa deni la wawili. Sasa amezidiwa. Malalamiko yakikubaliwa, deni litafutwa. Yakikataliwa, cherehani itachukuliwa.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, siku ya matanga, mkiwa mmejaa sebuleni. Hakuna aliyenisikiliza."

Mama mkwe alitazama sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi.

"Yule kijana wa mikopo namkumbuka," alisema hatimaye. "Alikuwa anatafuna peremende, krakra, krakra. Akaniambia, 'Bibi, wanao wote wawili wamefunikwa gubigubi na bima.' Nikacheka."

"Maneno yenyewe hayo?"

"Nimezeeka, sijawa kiziwi. Andika."

Fundi aliandika. Alisoma kila sentensi, mama mkwe akaitikia kwa kichwa au akasahihisha. Walikwenda hivyo mpaka swali la sita la fomu ya malalamiko: jina la mkopaji wa kwanza lilichaguliwaje? Hapo fundi akaruka, akaanza kusoma la saba.

"La sita umelipeleka wapi?"

"Tutalirudia, Mama."

"Lisome."

Akalisoma. Nje, mtu alipita akisukuma mkokoteni, na magurudumu yalisikika mpaka yakapotelea mbali.

"Ni mimi," mama mkwe alisema. "Mwanangu alikuwa ameshashika kalamu. Nikamwambia mtangulize mkeo, ndiye mwenye cherehani, mpe heshima yake." Alishika mkoba kwa mikono miwili. "Ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Miaka yote nakutukana, ukanyamaza?"

"Ningesema nini, Mama? Uliniheshimu mbele ya watu. Hukujua kwamba jina la pili linaachwa nje ya bima. Sisi hatukujua. Yule kijana alijua, na hakusema. Hicho ndicho tunachodai. Lako si lazima tuliandike."

"Tukiliacha, wataliuliza?"

"Wataliuliza."

"Basi liandike. Kama nilivyosema, usilipambe."

Fundi akainama. Mama wa mume ndiye aliyesema mke atangulie kutia saini, kwa sababu... Mkono mkavu ukaja taratibu, ukatua juu ya mstari ule.

"Ishia hapo kwa leo," mama mkwe alisema.

Alinyanyuka, akajikongoja mpaka mlangoni, akasimama bila kugeuka.

"Kesho asubuhi nitakuja. Usiendelee bila mimi."

"Sitaendelea, Mama."

Fundi alifunga kalamu. Akainyoosha vizuri ile karatasi yenye sentensi nusu, akaiweka mezani, kisha akaikandamiza kwa pasi iliyokwisha kupoa isije ikapeperushwa na upepo.