Salamu Maria Tatu kwa Rangi ya Njano

Kwenye karakana ya muzee Cirimwami, kando ya barabara ya kwenda Katindo, rangi haikupakwa kwa brashi. Wanaodhani kila rangi ni ya kupaka, shauri yao. Muzee aliyeyusha zinki, akaisukuma ndani ya kalibu ya chuma, ukatoka msalaba au mshikio; halafu Mama Philomène, mfanyakazi wake aliyeishi uani pale pale, akauchovya ndani ya dawa. Rangi ilishika nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na ilitegemea muda tu. Saa hawakuwa nayo, kwa hiyo Philomène alipima kwa sala. Salamu Maria moja, bluu hafifu. Tatu, njano ya kung'aa, ambayo mashofere waliipenda kwa misalaba ya kuning'iniza ndani ya kamio zao, yaani malori. Kumi, kijani cheusi. Hiyo ilikuwa ya mishikio ya majeneza peke yake, na hakuna aliyewahi kuichagua kwa kitu kingine.

Siku moja asubuhi alichovya msalaba wa mwanawe, Julien. Ofisini aliitwa Kamate tu, maana majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa na serikali, lakini nani angemkataza mama? Julien alikuwa amepata kazi ya kupeleka kamio Butembo, na mchana ule ule alipaswa kuondoka.

Philomène alisali tatu, akautoa. Kijani cheusi. Labda nimesinzia, akajiambia. Akachukua msalaba mwingine, akasali kwa sauti, akihesabu kwa vidole. Ukatoka mweusi vile vile, kana kwamba yeye aliponyamaza kuna mwingine aliyeendelea kusali mpaka kumi. Akajaribu bawaba ya mlango kwa sala moja: bluu, safi kabisa. Dawa haikuwa na ubaya wowote.

Alimwambia Julien haendi.

"Mama, minapata kazi kisha miezi munane ya kukaa bure, unaniambia nikae nyumbani juu ya rangi ya musalaba?"

Philomène akapiga magoti mbele yake, mama mzima, akalia mpaka mwana akaona haya. Julien akatupa ufunguo wa kamio mezani, akaingia kulala bila kula.

Lakini kamio haikai bila shofere. Tajiri mwenye kamio akaja kuchukua ufunguo, akamwita Constant, jirani yao, kijana mpole aliyekuwa bila kazi tangu mwaka uliopita. Naye akaja mbio kwa Philomène kutaka msalaba wake, wa njano kama wa wenzake. Philomène akauchovya. Sala tatu. Kijani cheusi.

Hapo angesema. Ulimi alikuwa nao. Ila aliwaza: Constant akijua, atakataa, na tajiri atarudi kubisha mlango wa nani? Basi akachukua vanishi ya njano ya muzee, akaupaka ule msalaba kwa brashi, akaukausha karibu na moto. Constant akaupokea kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, mama. Hii njo rangi yenyewe minapendaka."

Saa kumi Marie-Louise, mama yake Constant, akaingia uani na kuku mkononi. Kamio bado iko Kibati, alisema, wanapakia makala, mkaa wa kupikia, itaondoka jua likizama. Alikuwa amemwacha mwanawe akiimba.

"Dada, Julien ameachia wangu nafasi. Nilikuwa nimechoka kumuangalia amekaa tu. Kamata hii kuku, mutoto wako akule."

Kibati si mbali. Mtu wa kutembea haraka angefika kabla jua halijazama, na Philomène alilijua hilo vizuri. Alishindwa kumtazama mwenzake usoni. Alijichukia. Ndani, Julien alikohoa akijigeuza kitandani.

"Aksanti, dada," akasema. Akampokea kuku, akamwita Julien alete kisu.