Ndugu wa Dakika Kumi

Saa nane mchana binti fundi cherehani wa mtaa mwingine alimpelekea mchumba wake, mwalimu wa hesabu, nyumbani kwake suruali aliyomshonea, aijaribu kabla hajaipiga pindo. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, mlango ulipogongwa kwa nguvu.

"Kamati ya maadili. Fungueni."

Mwezi uliopita kamati hiyo iliwatembeza muuza vitabu na mpenzi wake, waliokutwa chumbani bila ndoa, mtaa mzima, pekupeku. Picha zao zikazunguka kwenye simu hadi msichana akaacha kazi. Fundi alitema pini kiganjani. Moja ikamchoma, hata hakuisikia.

Wakaingia wanaume watatu. Mmoja wao, kinyozi wa pale kona, alikuwa keshanyanyua simu, anarekodi. Fundi akajifunika uso kwa mtandio, akamwomba asimpige picha. Kinyozi akazidi kusogea.

Mkubwa wao akauliza huyu mwanamke ni nani.

"Dada yangu," mwalimu akasema. "Tumbo moja."

Mkubwa akamtoa fundi hadi ukumbini, akaufunga mlango, akamuuliza taratibu kama daktari: majirani wanamwitaje mama yenu? Baba yenu yuko wapi? Fundi alijua kule ndani mwalimu anaulizwa yaleyale. Akajikaza kukumbuka hadithi za mchumba wake, zile alizokuwa akizisikiliza nusunusu huku cherehani ikilia. Mama wanamwita Mama Pacha, akajibu, ingawa pacha mmoja alifariki mchanga. Baba alikuwa dereva wa lori. Aliondoka na mzigo, hakurudi.

Mlango ukafunguliwa, wanaume wakanong'onezana. Majibu yalilingana.

"Utuwie radhi, dada," mkubwa akasema. "Tunalinda heshima yenu."

Kinyozi hakufuta alichorekodi.

Walipobaki wawili, mwalimu akataka kumshika mkono. Fundi akaurudisha nyuma, akachungulia dirishani. Kinyozi alikuwa bado kasimama ng'ambo ya barabara.

"Sasa utanioaje," akanong'ona, "na kesho mtaa mzima utajua mimi ni dada yako?"

Wiki ile ile mwalimu aliomba uhamisho, na ulipotoka wakaamua kwenda kufunga ndoa huko mbali, mbele ya mashahidi wawili wasiowajua. Fundi aliwaacha wateja aliowashonea miaka sita, bila kumuaga hata mmoja. Kwenye basi kila mmoja alikaa kiti chake, yeye mbele, mwalimu nyuma kabisa, asije mtu wa mtaani akawaona wakiondoka pamoja, na safari nzima hawakugeuka kutazamana.